Waziri Asiye na Joho

Jambo zima lilinigharimu magunia mawili ya mchele, mbuzi mmoja mwenye afya kuliko mimi, na biashara ya msimu mzima wa harusi. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi nilimnunua Itsandra, mji wa jirani, na hadi leo namheshimu aliyeniuzia, kwa jinsi alivyojitahidi kunipunja bila kuacha kutabasamu.

Yalianza redioni. Uhuru ulikuwa bado mbichi, rais wa uhuru amekwisha kuondolewa, na aliyekuwa akitawala sasa ni kijana mwenye haraka. Siku hiyo alikuwa amepanga upya baraza lake la mawaziri, mara ya pili. Dukani kwangu, karibu na bandari ya zamani ya Moroni, watu walijazana kusikiliza. Kila jina liliposomwa walitaja kisiwa: huyu wa kwetu Ngazidja, huyu wa Nzwani, huyu wa Mwali. Waligawa mawaziri kama nyama ya karamu, kila mmoja akichungulia fungu la mwenzake.

Jina la mdogo wangu likasomwa, likawekwa fungu la Nzwani. Ni kweli alizaliwa Mutsamudu kulekule Nzwani, nyumbani kwa baba yetu, akasoma kule mpaka akapelekwa Ufaransa. Lakini mama yetu ni wa mtaa wetu hapa Moroni, na kwetu mtu ni wa kwa mama yake. Kwa hiyo Mutsamudu wakasema wamepewa mtu wa Moroni, Moroni wakasema mtu wao amehesabiwa Mutsamudu, na pande zote mbili zikaona zimeibiwa kwa waziri mmoja. Sijawahi kuuza kitambaa kimoja kwa watu wawili wakakasirika namna ile.

Wote walihesabu visiwa. Mimi nilihesabu harusi.

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Harusi ya kwanza ni ya kupata mke. Harusi ya ada ni ya kupata sauti. Mwanamume ambaye hajalisha mtaa mzima, akatoa dhahabu na ng'ombe, havai joho msikitini siku ya Ijumaa, wala hasemi bangweni, kile kiwanja cha mtaa ambapo mambo yote huamuliwa. Awe na mvi, awe na shahada ya Paris, ni mtoto wa mji, na kazi yake karamuni ni kuwamwagia wakubwa maji ya kunawa. Katika baraza lile jipya, kwa wale niliowafahamu, waliokwisha kufanya ada walikuwa wawili. Nikahesabu tena. Mmoja. Yule wa pili alikuwa bado anadaiwa ng'ombe.

Mdogo wangu alikuja dukani ameshika karatasi iliyopigwa chapa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutangazia mtaa wetu kwamba harusi za ada basi, zinafilisi watu. Rais alimwambia waziwazi: ukishindwa kusikilizwa kwenu, kwingine utanifaa nini? Orodha iliyosomwa leo inaweza kusomwa tena kesho.

"Nitakwenda bangweni alasiri," akasema. "Dakika kumi zinanitosha."

"Utasema kwa mdomo wa nani?"

Akanitazama kama niliyemwuliza kama amevaa viatu. Alikuwa amekaa ugenini sana.

Mkuu wa bangwe alikuwa mjomba wa mama yetu, nasi tukimwita mjomba vilevile. Nilivaa joho langu, nikamtangulia mdogo wangu.

"Mjomba, waziri anaomba nafasi ya kusema."

"Waziri yupi? Mimi namwona mjukuu wangu amesimama na suruali."

"Ndiye huyohuyo."

"Basi bei anaijua. Afanye ada, aseme mpaka jua lizame."

"Mjomba, hiyo ada ndiyo anayokuja kuikataza."

"Vizuri. Aifanye kwanza, kisha aikataze. Atakuwa anakijua anachokikataza."

Wazee wakacheka. Nikacheka nao, ndivyo ninavyoanza kila nikitajiwa bei. Kisha nikatoa yangu: mchele na mbuzi kwa mtaa, na mimi niliyefanya ada nitasema. Mdogo wangu asimame nyuma yangu aninong'oneze, basi.

"Na maji ya kunawa?" akauliza mjomba. "Wenzake wote wa rika watatumwagia. Yeye amekuwa mgeni?"

"Mjomba, mtu ana dereva anamngoja garini!"

"Dereva naye aje ashike taulo."

Tulivutana hapo zaidi kuliko kwenye mbuzi. Mwisho nikaipunguza bei: awamwagie wazee watatu tu, na dereva aachwe na gari lake. Mdogo wangu aliposikia hayo, uso ulimbadilika.

"Kaka, mimi niko serikalini! Nimwage maji?"

"Unataka wakusikie au wakuogope? Bei zake si moja."

Akalitazama lile gari. Akaitazama karatasi yake. Kisha akaikunja akaitia mfukoni. Siku ya karamu akapandisha mikono ya shati, akachukua birika. Alimwagia mjomba taratibu, bila kumlowesha kanzu, na mjomba akanawa muda mrefu kuliko mtu aliyetoka shambani.

Baada ya kula nikasimama. Nyuma ya joho langu sauti ikaninong'oneza: "Serikali inapiga marufuku."

"Serikali inawaomba," nikasema.

Kidole kikanichoma mgongoni. "Marufuku, kaka!"

"Inawaomba kwa nguvu sana," nikaongeza.

Mzee mmoja akapaza sauti: "Ewe, si wewe unayetuuzia majoho na shiromani za harusi? Leo unatuambia tusioe?" Shiromani ni zile nguo wanazojitanda wanawake wa Mutsamudu, na nilikuwa nimetoka kushusha shehena yake. Bangwe zima likaangua kicheko.

"Mimi natumwa, baba," nikamjibu. "Ukitaka kupinga, mpinge aliye nyuma. Ukitaka nguo, njoo leo, kesho sijui."

Nikamaliza yote, marufuku yenyewe nikaitaja mwishoni, watu wameshiba. Mjomba akawatazama wenzake, kisha akasema, "Tumesikia." Hakusema wamekubali. Lakini pale bangweni neno hilo halitolewi bure, na mdogo wangu aliondoka na uwaziri wake mzima. Mimi nikarudi dukani, na miezi iliyofuata hakuna aliyeuliza bei ya joho.

Siku ya tatu baada ya karamu akaja tena, bila dereva. Akakaa juu ya robota la nguo, akavua miwani.

"Rais amefurahi," akasema. "Sasa ananituma Mutsamudu. Nianze na wapakuzi wa bandarini, kisha wazee wa mji."

"Hongera."

"Hongera gani? Kule mimi ni wa Moroni. Na joho lako kule ni nguo tu, hukuwalisha wewe. Nimepita kwa mawaziri wenzangu, mmoja mmoja. Hakuna anayeweza kufungua mdomo Mutsamudu; hata yule mmoja aliyefanya ada aliifanya kwao, si kule."

Nikamwambia hilo nililijua tangu siku ya redio.

"Basi nishauri, kaka. Nimwombe rais aongeze mzee mmoja barazani, au niombe likizo nikaoe kwa ada kule?"