Shavu la Mguu

Mama Mkubwa, dada wa tumbo moja na mama yangu, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Gia. Jina hilo amelipata kwa miguu yake. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, yenye gurudumu chini na mkanda wa ngozi, na ukipita nje ya chumba chake cha kazi utajua anashona nini bila hata kuchungulia. Pindo la pazia ni gia ya mwisho. Kola ya shati ni gia ya kwanza. Cherehani ikinyamaza kabisa, amepata mtu wa kumsema sawasawa.

Mimi nimekulia chini ya meza ile, nikiokota vifungo, kwa hiyo nilichokiona zaidi utotoni si uso wake bali miguu: peku, kisigino juu, kisigino chini, na shavu la mguu gumu kama ndimu. Huko juu nako mdomo haukupumzika. Aliweza kukanyaga, kuuma uzi na kumwambia mteja, "Kiuno kimeongezeka, baba, usimlaumu fundi," vyote kwa pumzi moja.

Binti yake, ambaye kwangu ni dada, alipopata kazi ya maana alimletea mota. Ikafungwa ubavuni mwa cherehani, mkanda ukavuliwa ukatundikwa msumarini, na kazi ya mguu ikabaki kubonyeza kidogo kwa ncha ya kidole gumba.

"Umeteseka vya kutosha, mama," dada akasema.

Mama Mkubwa akalia, akajifuta kwa kipande cha bitana. Nani angekataa mapenzi yenye waya na plagi?

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, ya kubembelezwa kwa vidonge, na presha kidogo ya kuisindikiza. Sasa vyote viwili vikaanza kupanda. Kila akienda kliniki muuguzi anakunja uso zaidi. Mwishowe daktari akamwambia wazi: "Mama, tukikutana tena baada ya miezi mitatu na sukari bado iko huku, tunaanza sindano ya insulini."

Hapo ndipo siri ya ukoo ilipofichuka. Mwanamke aliyekula kwa sindano maisha yake yote anaogopa sindano. Akitobolewa kidole tu kupimwa damu, anamkaba muuguzi mkono kama amekamata mwizi.

"Lakini Mama Mkubwa, si ile ya cherehani inakuchoma kila siku?" nikamuuliza.

"Ile inanichoma kwa bahati mbaya. Hii inakuja imekusudia."

Muuguzi alimuuliza yote. Unakula nini? Vidonge unameza? Kazi yako ni ya kukaa?

"Ya kukaa, mwanangu. Tangu usichana wangu nimekaa."

"Basi jioni uwe unatembeatembea."

"Nitembee niende wapi? Nani kanituma?"

Na hakudanganya. Sisi sote tungejibu hivyohivyo. Kushona ni kazi ya kukaa, kuna asiyejua?

Asubuhi moja umeme ukakatika katikati ya rundo la sare za shule. Akaniagiza nishushe mkanda msumarini, nikalivalisha gurudumu, akavua ndala, akaanza. Pindo la kwanza. La pili. Halafu kimya. Nikageuka nione anamsema nani. Hakukuwa na mtu. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anatafuta pumzi.

"Nimechoka tu. Lete maji, usinikodolee macho kama chura."

Nikaleta maji, moyo wangu mwenyewe ukidunda bila kukanyaga chochote. Nikaitazama ile miguu. Ndimu imekuwa papai lililosahauliwa kabatini. Hapo diploma yangu ya afya, ambayo tuliachana katikati bila talaka, ikanirudia na jambo la maana kwa mara ya kwanza.

"Mama Mkubwa, tatizo ni misuli."

"Misuli gani? Mimi hapa nashona sare. Msuli wa nani umeharibika?"

"Si ya kuvaa kiunoni! Ya mwili. Hii ya shavu la mguu. Ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe kutoka kwenye damu, hata insulini ikiwa imechoka kupiga hodi. Halafu inamwaga homoni zake, zinakwenda kuongea na ini, na mafuta, na mishipa, mpaka na moyo. Wataalamu wenyewe bado wanasikiliza, hawajaelewa maneno yote."

"Mguu unaongea?"

"Unadhani una shavu la nini?"

Akacheka mpaka maji yakampalia. "Kumbe na mdomo unao!"

"Wako ulipiga domo kutwa, miaka yote hiyo. Mota ndiyo imeuziba."

Kicheko kikamwisha. "Sasa nitamwambiaje mwanangu? Kwamba zawadi yake inaniumiza?"

Tukaanzia kliniki. Muuguzi akasikiliza, akainama, akamminya shavu la mguu kama anachagua parachichi. "Inawezekana kabisa," akasema. "Rudisha mkanda, lakini polepole. Vidonge usiache hata kimoja. Na kifua kikibana, acha uje hapa."

Akaanza na gia ya kwanza, pindo moja na kupumzika. Jioni anatembea mpaka kwa muuza vifungo na kurudi, ili ionekane katumwa. Nilijua pumzi imerudi siku alipomsema mteja huku akishona mkono wa shati, kuanzia bega mpaka kwapa, bila mguu kusimama.

Miezi mitatu ilipotimia, siku ya majibu, dada akaja kumsindikiza. Akaikuta mota imevaa nguo ya mahameli yenye marinda.

"Mama, imeharibika?"

"Haijaharibika. Imestaafu." Kisha akamweleza yote, akitazama chini. Dada akambebea mkoba mpaka kliniki.

Kwenye benchi kisigino cha Mama Mkubwa kilipanda na kushuka.

"Mama, tuliza mguu, watu wanatazama."

"Uache uongee. Unanitetea."

Daktari akasoma karatasi, akaisoma tena. "Imeshuka. Sindano tunaiweka kando kwa sasa. Endelea hivihivi."

Safari hii aliyelia ni dada, na bitana haikuwepo. Akajifuta kwa kiganja. "Basi ile mota niirudishe dukani?"

"Thubutu! Zawadi yangu hiyo. Itakaa palepale na nguo yake, itazame wenzake wanavyofanya kazi."