Dume Nililolifunga Kwenye Chuma cha Umeme

Nyie vijana mtakaosoma haya, chekeni mkimaliza, lakini kwanza someni. Mimi niliishia darasa la tatu, na aibu niliyoipata mbele ya mchungaji, kwaya na majirani wa hapa Sapiwi hainitoki. Hata nikienda kisimani nainamisha uso, mimi niliyezoea wengine wainamishe wao.

Mwanangu Masanja alijenga nyumba mpya, akaitia nyaya za umeme na internet kwa ajili ya binti yake, Kabula. Huyo mjukuu wangu alikuwa amepata kazi ya kujibu wateja wa kampuni ya mbali kwa kompyuta, aifanye akiwa hapa hapa nyumbani, mradi Jumatatu internet iwe inafanya kazi. Na umeme hauwashwi mpaka mkaguzi aje apime aridhike. Nilitaka mtoto yule abaki, maana ndiye anayenisomea Biblia, na ndiye anayejua ni mguu upi unaniuma kabla sijasema.

Fundi Mabula alifanya kazi safi. Waya wa umeme akaupitisha kwenye bomba lake, wa internet kwenye bomba lake (alisema sheria haitaki zilale pamoja), na pembeni ya baraza akazamisha chuma kirefu kilichopakwa shaba, kikabaki kichwa tu, na waya wa kijani na njano ukitoka hapo kupanda ukutani mpaka kwenye mlingoti wa kidishi cha internet.

"Bibi, hiki ndicho kinachopeleka radi na umeme mbaya ardhini," akaniambia. "Kisiguswe."

"Ardhi hii nimeilima kabla mama yako hajaolewa," nikamjibu.

Siku ya mkaguzi nikaifanya ndiyo siku ya kuifungua nyumba kwa maombi na chakula (nani alinituma?). Dume la ng'ombe likaletwa kutoka Nkololo. Marehemu mume wangu hakukubali mgeni ale nyama ya ng'ombe ambaye hakumwona akiwa mzima, kwa hiyo nikataka lisimame pale barazani watu walione, na ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu haipokei kigingi, basi nikakitazama kile chuma, nikasema kigingi si hiki hapa, nikazungusha kamba kwenye chuma na waya wake kwa fundo la baba yangu lisilofunguka.

Kabula akaniona. "Bibi, hapo hapana!"

"Wewe kapange viti."

Akaenda. Mtoto mtii.

Mkaguzi akafika. "Mwadila, mayu," akanisalimia vizuri kwa Kisukuma, akainama na kipimo chake karibu na chuma, na hapo hapo kwaya wakapiga ngoma, dume likashtuka likaruka, na kamba haikukatika wala fundo halikuachia (baba yangu alifunga vizuri mno), chuma kikapinda, waya ukabanduka ukutani, mlingoti ukaufuata, kidishi kikatua kwenye sufuria ya wali, mkaguzi akawa amelala chali, na dume likapita katikati ya wageni likiburuta waya.

"Bibi Minza!" kijana mmoja wa kwaya akapaza sauti. "Dume lako linatafuta mtandao!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akageukia ukuta ili nisimwone.

Mkaguzi alijipangusa vumbi, hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. "Mama, nyumba hii siwezi kuipitisha. Rekebisheni, mniite upya." Kabula alikuwa anakitoa kidishi kwenye wali, anakifuta kwa kanga yake.

Jumapili akapanda basi kwenda Mwanza kwa shangazi yake, kwenye internet, ili kazi isimpotee. "Nitarudi, Bibi," akasema. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia akaze kamba ya begi.

Fundi alirudia kazi, mkaguzi akaipitisha nyumba, taa zikawaka. Jioni hiyo nikawaita wote wa nyumba yangu barazani, nikaamuru: kwenye chuma kile asifungwe hata kifaranga, fundi akisema neno, wa kwanza kunyamaza niwe mimi, na chumba cha Kabula asiweke mtu magunia ya mahindi humo, internet yake isikatwe, na taa yake iwashwe kila jioni mpaka arudi aizime mwenyewe.