Sala ya Hilaria Siku Ngano Ilipowaka

Hilaria alizaliwa milimani Mbulu, katika familia ambayo haikugusa chakula kabla ya ishara ya msalaba. Sala zote alizijua tangu utotoni, akazisali mbiombio kama mtu anayewahisha mbuzi nyumbani kabla ya mvua. Alipoolewa na Tadeo, fundi wa mitambo katika shamba la ngano la serikali, alihamia uwandani Hanang, ng'ambo ya kijiji cha Gehandu, wakakaa kambini kwenye nyumba za wafanyakazi, na huko akazaliwa binti yao Fabiola. Huko ndiye aliyeongoza rozari ya akina mama. Walimsifu kwa kuwa hakukosea hata neno. Mwenyewe alijua kwamba mdomo ulikuwa ukisali huku akili ikiwa kwenye maharage aliyoyaacha jikoni.

Mwaka 1984, katikati ya mavuno, cheche ilitoka kwenye kombaini, mashine ya kuvunia, na ngano kavu ikashika moto. Upepo ukausukuma moto kuelekea kambini. Wanaume karibu wote, Tadeo akiwemo, walikuwa upande wa pili wa moto na hawakuweza kupita. Kambini walikuwapo wanawake, watoto, na Gervasi, dereva wa trekta aliyekuwa ameleta karakana haro, zana ya kukokotwa ya kutifulia udongo, nayo ilikuwa imeshachomelewa.

"Gervasi!" Hilaria alimwita. "Pitisha haro hapa mbele ya nyumba, moto ukose cha kula!"

"Mama Fabiola, sioni kitu kwa huu moshi. Kule kuna makorongo. Nikipinduka, ndiyo basi."

Alisema kweli. Moshi ulikuwa umefunika kila kitu, na watoto walikuwa wakikohoa ndani ya nyumba.

Hilaria alipiga magoti palepale. Akaanza Baba Yetu, akakwama. Akajaribu Salamu Maria, nayo ikampotea. Yeye aliyekuwa hakosei! Ndipo akapaza sauti kwa Kiiraqw, lugha aliyobembelezewa na mama yake:

"Mungu, naogopa! Watoto wako ndani. Sina maneno mengine. Njoo!"

Akalia bila kuona aibu. Baadaye alisimulia kwamba hofu haikumtoka, ila miguu ilipata nguvu. Akainuka, akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani.

"Haya makorongo nayajua, napita kila siku nikienda kuni. Nitatangulia. Wewe fuata kitambaa."

"Mama, utaungua!"

"Mungu ametusikia. Washa trekta!"

Gervasi akawasha. Hilaria alikimbia mbele, kitambaa juu, akiita, "Njoo! Kushoto! Njoo!" Haro ikageuza mabua, mkanda wa udongo mweusi ukatokea. Walipofika mwisho wakageuka, wakarudia. Wakati huo mzee Qamara, mfugaji Mbarbaig wa jirani, alifika mbio na wanawe, wakakata matawi na kupiga kila cheche iliyoruka ule mkanda. Akina mama wakajiunga nao kwa magunia yaliyolowa maji.

Moto ukafika kwenye udongo mtupu. Ukanyanyuka, ukanguruma, ukatafuta njia, ukakosa. Ukafa.

Gervasi alishuka kwenye trekta akirukaruka. Vigelegele vikapasua moshi. Tadeo alipofika, uso mweusi kwa masizi, alimkuta mkewe ameungua nyusi na anacheka, watoto wamemng'ang'ania pande zote.

"Shikamoo baba," Hilaria akamwambia Qamara. "Asante sana."

"Marahaba. Nilikusikia ukimwita Mungu wako nikiwa njiani kuja. Ulimpa nini hata akaja?"

"Sikumpa kitu, baba. Nilimwambia naogopa."

Mzee akafuta masizi usoni. "Hata mimi niliogopa. Sikujua kama mtu anaweza kumwambia."

Jumapili kanisani hapakuwa na pa kukanyaga. Qamara naye alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake. Katekista Basili akamwomba Hilaria aongoze sala. Akapiga magoti. Kisha akasema Baba Yetu polepole, akitua kwenye kila neno kama anayelisikia kwa mara ya kwanza. Alipomaliza, Helena, jirani yake, akaanza kuomba kwa maneno yake mwenyewe, machozi yakimtiririka; akafuata mwingine, na mwingine, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiiraqw. Gervasi, ambaye hakuwa mtu wa kusikika kanisani, alianzisha wimbo kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi. Watu wakaupokea, wakauimba mpaka bati la paa likatetemeka.