Faili Nililolikalia

Shangazi alinikuta nimeficha insha ya shule ambayo sijaipeleka. Hakunigombeza. Nayaandika maneno yake humu daftarini nisije nikayasahau.

"Lipo jambo moja ambalo halinitoki akilini, mwanangu. Nilikuwa ndio kwanza nimeajiriwa ofisi ya nyumba za serikali hapa Sydney, Mwafrika peke yangu chumba kizima. Likaja ombi la Mama Desi, Mrundi wa mtaa wa Macquarie Fields niliyekuwa nasali naye. Ukuta wake ulikuwa umeota kuvu, na mtoto wake, Desi, ana pumu. Alitaka kuhamishwa tu.

Mafaili ya watu nisiowajua niliyamaliza kabla ya chakula cha mchana. Hilo la mtu wetu, aa! Nilitaka barua ya kupendekeza ahamishwe iwe haina doa, bosi asije akasema huyu Mkenya hajui kuandika, tena anapendelea watu wake. Basi nikilifungua, nakumbuka chai. Nikirudi, napanga kalamu. Wiki tano, mwanangu! Na nilijiona nina bidii, maana kila siku nililifikiria.

Jumapili moja akanishika mkono nje ya kanisa. 'Binti, faili langu liko kwa nani?'

'Liko kwangu, mama. Nataka niandike barua yako vizuri.'

Akacheka kidogo. 'Heh! Kumbe ningeomba likae kwa Mzungu asiyenijua.'

Kesho yake niliiandika ile barua kwa dakika ishirini. Nyumba iliyokuwa wazi walishapewa wengine juma lililotangulia. Desi alikohoa msimu wote ule wa baridi, na kila ibada nilimsikia, kwenye benchi la nyuma.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea kuonekana mjinga, akalia mtoto wa mwenzangu.

Watu husema maofisini kumejaa wavivu. Wapo, sikatai. Lakini wengi, mwanangu, wanaogopa. Kazi unayoijali sana ndiyo utakayoikimbia, kwa kuwa ikiharibika ndiyo itakayokuaibisha. Ukijikuta unapanga kalamu, jiulize unaogopa nini, kisha andika mstari mmoja, hata uwe mbaya. Mbaya hurekebishwa. Ukishindwa kabisa, mpe mwenzako, usiikalie.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kuanza, na asikufanye kamwe kuwa sababu ya mtu kungoja."