Siku Niliyotafsiri Kosa Langu Mwenyewe

Nimewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki nikasikiliza kosa langu likisomwa kutoka kwenye faili, halafu nikatakiwa nilitafsiri mimi mwenyewe kwa mtu niliyemkosea.

Aliyekuwa anasoma hakujua kwamba ni langu.

Aliyekuwa anasubiri kutafsiriwa naye hakujua.

Kaeni vizuri niwape yote. Mkitaka kunitukana mwishoni, ruksa.

Mtaani wananiita Kipaza, na kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu. Wazazi wangu walinileta nchi hii nikiwa na miaka kumi, sijui hata neno moja la lugha ya hapa. Shule waliponiuliza maswali nikakaa kimya, wakaandika kwamba mimi ni mzito.

Sikuwa mzito. Nilikuwa sielewi wanachosema, basi.

Wakanipeleka kwenye darasa dogo, mwisho wa korido, jirani na stoo ya mafagio. Miaka miwili napaka rangi picha za kuku na nyumba. Mwalimu wake alikuwa anavaa viatu vya kahawia vyenye kamba nyeusi, na akipita nyuma yangu alikuwa anaguna. Naweza kuuiga mguno ule hadi leo.

Mimi huwa sisahau. Watu husifia hilo, lakini subirini.

Lugha ya hapa nilijifunzia juu ya ngazi, brashi mkononi, redio sikioni. Nilipoijua nikawa moto. Kikao cha maji, nipo. Kikao cha taka, nipo. Nasimama nawachana wakubwa mbele ya watu, na watu wa kwetu wanapiga makofi hadi viti vinalia.

Shule ya mtaa nayo ikaanza kuniita nitafsiri vikao vya wazazi. Hakuna aliyenifundisha mkalimani anaruhusiwa nini na anakatazwa nini. Walichoangalia ni kwamba napatikana na sidai chochote.

Basi, siku hiyo nikaitwa kwa ajili ya mama mmoja jirani yangu, anafua mashuka hotelini. Alikuwa na mwaka mmoja tu hapa, lugha anajua ya salamu. Binti yake alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza.

Tulikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu wa darasa alikuwa msichana tu, ana mafua, anaongea huku anajifuta pua.

Akaeleza kwamba mtoto akiitwa hageuki. Wenzake wakisimama ndipo naye anasimama. Anaandika kwa kuchungulia daftari la jirani. Shule inaomba ruhusa apimwe masikio, na kwa muhula mmoja akae kwenye darasa dogo, watoto kumi na wawili tu, mwalimu aweze kumkalia karibu.

Ndugu zangu, nilisikia yote. Sitawadanganya kwamba sikusikia.

Ila kichwani yalibaki maneno mawili: darasa dogo.

Damu ikanipanda. Habari ya masikio nikaiona danganya toto. Nikajua hawa ni walewale, wamebadilisha viatu tu.

Nikamgeukia mama nikamwambia, "Wanasema mwanao ni mzito. Wanataka kumtenga na wenzake."

Masikio sikuyataja.

Mama akasokota mkanda wa mkoba wake. Kisha akasema polepole, "Kaka, kama huko atasaidiwa, mwache aende. Hata mimi nyumbani naona kuna kitu. Mwambie mwalimu mimi namwita hata mara nne ndipo ageuke."

Jibu lote lilikuwa pale. Mwalimu anauliza kuhusu masikio, mama anajibu kuhusu masikio, na katikati yao kuna meza ya upana wa mkono mmoja. Kazi yangu ilikuwa kulivusha tu.

Nikamwambia mwalimu, "Mama amekataa. Anasema mwanawe si mjinga, na nyinyi mmezoea kuwatupa watoto wetu chumba cha mwisho."

Yule msichana akashtuka. Akaniuliza kwa upole kama mama amekataa hata kipimo cha masikio.

Nikamjibu, "Vyote."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Mimi ndiye niliyemwekea mama kidole kwenye kile cha kukataa. Akatia alama, akaandika jina lake taratibu, kama mtu anayedarizi.

Tulipotoka akaniuliza wamekubaliana nini. Nikamwambia mambo yamekwisha, mtoto atabaki na wenzake na mwalimu ameahidi kumwangalia kwa karibu.

Akasema Mungu aniweke.

Jumapili yake nikasimama kwenye ukumbi wa mtaa, mbele ya watu wa kwetu, nikasimulia jinsi nilivyowazima shule. Makofi kama mvua juu ya bati.

Ikapita miezi kumi na minne.

Mtoto akaanza kuitwa kiburi. Akaanza kupigana, maana wenzake wakimsema nyuma yake hajui, wanacheka, akigeuka anaona meno tu. Mama akawa analalamika mtaani kwamba shule iliahidi kumwangalia mwanawe na haikufanya hivyo. Mimi nikalichukua lalamiko hilo nikalipandisha jukwaani. "Mnaona? Walituahidi!"

Ahadi niliyoitunga mwenyewe, naidai mbele za watu kwa mishipa ya shingo. Na cha kutisha zaidi, nilikuwa nimeshaiamini.

Kisha daktari na wauguzi wakaja shuleni kupima watoto wote macho na masikio. Wiki iliyofuata mama akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nami nikaitwa.

Ningeweza kusema naumwa. Ila nilitaka kuwaona wakiomba radhi, niwe wa kwanza kuisikia.

Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, anakaribia kustaafu, sentensi zake fupi kama za telegramu. Alisoma barua ya daktari. Usaha umekaa masikioni kwa muda mrefu. Sikio la kulia limekwisha, halitasikia tena. La kushoto linaweza kuokolewa likitibiwa sasa. Nafasi hospitali ipo Jumatatu, zaidi ya hapo ni kusubiri miezi. Wanahitaji sahihi ya mzazi.

Hilo nililitafsiri vizuri. Sikupunguza wala kuongeza.

Mama hakulia. Aliweka viganja viwili mezani, ngozi imebabuka kwa sabuni, akasema, "Muulize kwa nini hawakuniambia mapema."

Nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Mwalimu mkuu akafungua faili, akapekua, akatoa karatasi moja akaigeuza upande wetu.

"Tulimwambia," akasema. "Mwaka jana tuliomba kibali apimwe masikio. Alikataa. Sahihi yake hii hapa."

Kisha akanitazama, anasubiri nifikishe.

Mama naye akanitazama.

Chumba kizima kikawa kinanisubiri mimi. Nje mtoto fulani alikuwa anadundisha mpira ukutani, du, du, du.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningemwambia mama kwamba shule inasema ilisahau, inaomba radhi. Ungepita laini kabisa. Na msinivishe joho la ucha Mungu, kilichonizuia si wema. Ni ile karatasi. Mama hakuweza kuisoma, lakini jina lake alikuwa analiona.

Nikamwambia, "Anasema mwaka jana waliomba ruhusa ya kumpima masikio, nawe ukakataa."

Halafu nikaongeza ambalo hakuna aliyelisema. "Hukukataa, dada. Niliyekataa ni mimi."

Alinitazama. Hakukunja uso, alinitazama tu kama mtu anayesoma bango lililo mbali.

Mwalimu mkuu akauliza, "Anasemaje?"

Mama hakuyatoa macho yake kwangu. Akasema, "Mwambie ni kweli. Nilikataa."

"Dada, sikiliza..."

"Tafsiri."

Nikatafsiri. Mimi mkalimani niliyepinda ukweli wa mwanamke huyu kwa hiari yangu, sasa nimeagizwa naye nipeleke uongo, na nikaupeleka umenyooka.

Mwalimu mkuu akashusha pumzi, akamhurumia kwa ile huruma inayouma kuliko tusi. Akaanza kumpa somo. Kwamba wazazi wengine hutanguliza majivuno. Kwamba hasira ya mtu mzima hulipwa na mtoto. Kwamba siku nyingine awasikilize wanaojua.

Na mimi nikawa namvushia, sentensi kwa sentensi. Kila neno lilikuwa langu, nami nampa yeye, naye anaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Nimesikia.

Ilipoletwa fomu ya hospitali nikanyoosha kidole kumwonyesha pa kusaini. Akausogeza mkono wangu pembeni, kama unavyosogeza kikombe. Akamwashiria mwalimu mkuu amwonyeshe yeye.

Kwenye korido nikaanza kujitetea. Alinikatiza kabla sijafika popote.

"Ningesema ni wewe, kikao kingekuwa chako," akaniambia. "Wangeanza kuulizana nani alisema nini, waitane, waandikiane barua, na Jumatatu ingepita. Wewe una muda wa kesi. Sikio la mwanangu halina."

Akaning'iniza mkoba wake begani.

"Ila niambie. Siku ile ulikuwa unampigania nani?"

Nikamweleza, sijui kwa nini, habari za yule mtoto wa miaka kumi aliyefungiwa jirani na stoo ya mafagio. Nilimweleza kwa kifupi. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kidogo.

"Pole yake," akasema. "Lakini angesogea pembeni kidogo, na wangu apite."

Akaenda zake kazini.

Mtoto alitibiwa. Sikio la kushoto linasikia, kwa msaada wa kifaa kidogo kama punje ya haragwe. La kulia ndiyo basi.

Baada ya matibabu nikaenda mlangoni kwa mama nikamwomba ruhusa niseme ukweli. Hakunikaribisha ndani. Akasema mtoto wake ameshahudumiwa, sasa nifanye nitakavyo, na nisimsemee tena popote, hata dukani.

Nikaandika barua shuleni. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye faili lilelile, akaniambia hawataniita tena. Nikamwambia ni haki. Ila nikamwambia pia kwamba wao walimwokota mpaka rangi mtaani, wakamkabidhi mtoto wa mtu kwa sababu ni wa bure, na hawakuuliza hata siku moja kama anachosema ndicho kilichosemwa. Hakubisha. Siku hizi wanaleta mkalimani aliyesomea.

Hasira yangu kwa shule haijaisha, msije mkadhani. Waliyonifanyia walinifanyia. Ila hasira yangu ni nguo yangu, na mimi niliivua nikamvisha mtoto wa watu wa miaka saba.

Jumapili nikasimama ukumbini. Walizoea, wakaanza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nikawaambia wasubiri.

Nikawasimulia yote, kama nilivyowasimulia nyinyi.

Nilijiandaa kwa matusi. Hakuna aliyenitukana. Nilidhani kunyimwa hata tusi ndiyo adhabu yenyewe, nikaanza kushuka.

Ndipo fundi baiskeli akanyanyuka kwenye mstari wa tatu. Ni mtu mpole, huwa hasemi kwenye vikao. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kipaza," akasema, "hata mimi ulinisemea. Mwaka juzi, mwanangu alipofukuzwa kwa kuvunja dirisha. Siku ile mimi niliomba msamaha. Nilisema nitalirudishia dirisha kwa mikono yangu, wamwache mtoto amalize mtihani. Ulifikisha?"

Nimewaambia mimi huwa sisahau.

Nilikumbuka chumba. Nilikumbuka kalamu ya mwalimu, kifuniko chake kimetafunwa. Nilikumbuka nilivyoona aibu kumsikia mtu mzima wa kwetu akijishusha namna ile, na nilikumbuka nilichowaambia: kwamba baba anasema mtawaona wanasheria wake.

Mtoto hakumaliza mtihani. Siku hizi anabeba matofali.

"Sikufikisha," nikamjibu.

Fundi akakaa. Nyuma yake mwanamke mwingine akasimama. Kisha mwanaume kando ya mlango. Kisha wawili kwa pamoja.

Miaka mitano nimetafsiri vikao vya watu, na nilijiona shujaa, kwa sababu kumbukumbu yangu ilikuwa imejaa niliyotendewa. Niliyotenda ndiyo nimeanza kuyakumbuka sasa. Napita nyumba kwa nyumba na daftari. Wengine wananifungulia, wengine wananisikiliza kupitia dirishani. Nimefika nyumba ya tisa.

Somo langu ni fupi. Mtu akiazima mdomo wako aseme yake, funga ya kwako. Hata kama unampenda. Hata kama unaona anakosea. Hata kama una haki ya kukasirika kuliko watu wote chumbani.

Na kama unasoma hapa na niliwahi kukusemea, nitafute. Niambie ulisema nini siku ile, nami nitakwambia nilisema nini.