Siku Koko Alipofumua Sigara za Mjerumani

Tumbaku inayovundikwa hainuki kama tumbaku. Siku za mwanzo hunuka majani mabichi, halafu hunuka ndizi zilizoiva zikapitiliza, na inapofika wakati wake hutoa harufu ya asali iliyoungua kidogo chunguni. Hapo ndipo Koko, bibi yangu mzaa baba, alipokuwa akiinua majani ya mgomba aliyoifunikia na kuniita ninuse. "Imefika?" Nikisema imefika kumbe haijafika, alinivuta sikio. Nikisema bado na kweli bado, alifunika tena bila neno, na kule kunyamaza kwake nilikuhesabu kuwa ni sifa. Msimu ninaousimulia meno yangu ya utoto yalikuwa hayajaisha kung'oka. Wajerumani walikuwa bado wamo bomani mwao kule chini Arusha, nasi tulikaa juu, magharibi mwa Mlima Meru, ambako asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye migomba na ng'ombe husikika kabla hawajaonekana. Moshi wa jikoni, mavi ya ndama, tumbaku ya Koko: nikifumba macho hata leo, kwetu ni hivyo vitatu.

Nilikuwa mtoto wa haya, na nisiwafiche, haya hizo ninazo mpaka sasa. Desturi yetu ni mtoto kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa ili aguswe utosini, ndiyo salamu. Mimi niliinamisha mgeni akiwa bado yuko mbali, nikabaki vivyo hivyo, mpaka watu wakacheka: "Huyu kadondosha nini?" Kuongea mbele ya wazee ilikuwa kwangu kama kuvuka mto uliojaa. Lakini pua yangu haikuwa na haya hata kidogo. Koko alisema tumbaku ni kama mtu, ukiiharakisha itakudanganya, na kwamba mvumilivu hula mbivu lakini kwanza ajue kuinusa. Wajukuu wengine walikimbia kazi ile kwa sababu ya kupiga chafya. Mimi nilibaki kwa sababu ilikuwa kazi isiyohitaji kusema sana.

Sasa, dada yangu Nashipai alikuwa amependwa na kijana mmoja aitwaye Meliari, naye Nashipai alimpenda. Nilijua, maana siku hizo akienda mtoni alipita njia ndefu na kurudi na mtungi nusu. Meliari aliongoza maksai wa mlowezi mmoja wa Kijerumani, akivusha magari ya mizigo kati ya Moshi na Arusha. Kwetu, watu wa mchumba wanapokuja kuomba binti, huleta pombe ya asali kwa wanaume na tumbaku kwa wanawake. Wanaume wanaweza kunywa na kuongea kutwa nzima, lakini hakuna anayetamka ndiyo wala hapana mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba aionje tumbaku ile. Ikiwa mbaya, ni kama umemtukana mama wa nyumba. Ndiyo maana watu husumbuka kutafuta mkate wa tumbaku ulio mweusi na mzito, uliokaushwa juu ya moshi, wakaufunga vizuri kwa majani makavu ya mgomba.

Siku yenyewe walikuja kutoka upande wa Kimandolu, Meliari na baba yake na wajomba. Pombe ilikuwa nzuri. Kisha Meliari akanyanyua shuka, akatoa kisanduku cha mbao kilichong'aa, akakiweka mbele ya Koko kwa mikono miwili. Ndani zilipangwa sigara nene za kahawia, kila moja kama kidole gumba cha jitu, zimeviringishwa kwa jani laini mno.

"Hii ndiyo tumbaku anayovuta Bwana mwenyewe," alisema, na nilimwona jinsi alivyojivuna. "Alinipa nilipowaokoa maksai wake mtoni. Nikasema, kwa mama wa nyumba hii sileti cha kawaida."

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alisimama. Alikuwa miongoni mwa wale waliobebeshwa mawe boma lilipojengwa, na begani alikuwa na kovu lisiloota hata unywele. "Harufu hiyo naijua," alisema. "Sisi tukiwa na mawe mabegani, msimamizi alikaa kivulini anavuta dude hilo hilo, na kiboko magotini. Leo unaniletea moshi wake nyumbani kwa mama yangu?" Akachukua fimbo yake. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanaume wa kwetu. Akitoka kabla tumbaku haijaonjwa, maneno yamekwisha, na Nashipai angeolewa kwingine. Nilimwona dada mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono yote miwili.

"Kaa," alisema Koko. "Tumbaku imeletwa kwako au kwangu?"

Baba Mkubwa akakaa, lakini upande mmoja tu, kama mtu wa kuondoka. Koko akachukua sigara moja, akaipeleka sikioni, akaiminya, akasikiliza inavyolia. Meliari hakuweza kujizuia. "Koko, hiyo inakatwa kichwa kwanza, halafu inawashwa upande wa..."

"Nimekuuliza?"

Akaanza kuifumua, jani kwa jani, polepole, akiyatandaza juu ya ngozi. Ikaisha ya kwanza, akashika ya pili. Meliari alifumba macho kila jani lilipochanika, utadhani ni kuku wake ananyonyolewa angali hai. Mjomba wake mmoja akanong'ona, "Kijana, ulie basi, tukushikie shuka," na watu wakacheka, isipokuwa Baba Mkubwa.

"Hata uifumue vipi, inanuka Mjerumani," alisema.

"Pua yako ina kinyongo," Koko akajibu, "na yangu imezeeka. Lakini huyu mtoto hajawahi hata kulisogelea boma. Njoo hapa, wewe."

Ndiyo, mimi. Nilipiga magoti, nikainama, nikanusa jani la nje, kisha la katikati, kisha nikarudia. Nilijua kwamba neno moja tu, "nzuri", lingetosha kumpa dada mume wake. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini msimu mzima nilikuwa nimefundishwa kwamba pua haiombwi hisani.

"Jani la nje limefika," niliiambia ngozi.

"Sauti!" alisema Koko. "Jani halina masikio, wazee wanayo."

"Jani la nje limefika," nikasema, na sauti iliyotoka sikuitambua. "Lina asali, lina ngozi mpya, lina mti uliochongwa jana. La ndani limelala na maji. Linanuka ukuta wa nyumba baada ya masika."

Nashipai alijifunika uso. Koko alisaga kipande cha jani la nje kwa magadi, akanusa, akangoja. Akasaga la ndani, akanusa, akakunja uso.

"Mtoto kasema kweli yote," alisema. "Aliyelima jani hili ana mikono, na alijua kusubiri. Maji yameliingia njiani, huko lilikotoka. Kijana hana kosa, kaleta kilicho kizuri kuliko vyote alivyoviona. La nje nitalifanya ugoro, nami nimelipokea. Hili la ndani liloweke, ndama wana kupe."

"Kupe?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Kupe. Maji ya tumbaku huwaua. Wapake ndama migongoni."

Baba Mkubwa alikitazama kile kisanduku. "Tumbaku ya Bwana Mkubwa," alisema polepole, "kwa kupe wa ndama wangu?" Kicheko kilimwanzia tumboni, kikampanda, mpaka akaangusha fimbo. "Leteni maji! Sitaki mtu anisaidie, nitawaosha mwenyewe!" Akavua shuka begani, akaenda zizini, tukamsikia huko akiwasemesha ndama, akiwaita mabwana wakubwa mmoja mmoja. Aliporudi mikono ikiwa ya kahawia hadi viwiko, alichukua kibuyu cha pombe, akanywa, akasema, "Mpeni binti. Ila wewe kijana, mwakani leta tumbaku ya watu." Kisha akapita mbele yangu, nami sikuwa nimeinama. Alinigusa kichwa hivyo hivyo nilivyokuwa nimesimama.

Sasa Wajerumani wameondoka, na bomani bendera ni nyingine. Vijana wa mjini huvuta sigara nyembamba nyeupe za dukani. Wanaziwasha kabla hata ya kuzinusa, na ukiwauliza imekaaje wanasema kali, basi. Mimi nasoma shule ya misheni. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, natazama dawati, na mwenzangu anasifiwa. Lakini likizo nikipanda kwetu, nawakuta wanawake wameketi kwa Koko na mafungu yao, wengine wameningojea wiki nzima. Koko hanusi tena chochote, hata moshi. Huinua majani ya mgomba ya kila fungu, hugeuza uso wake kwangu mbele yao wote, hungoja. Nikisema bado, anafunika, na wale mama wazima, wenye wajukuu, wanabeba mafungu yao na kurudi nayo nyumbani.