Sindano niliyoitafuta sakafuni kumbe ilikuwa kifuani kwangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mkenya, fundi cherehani hapa Kasubi, Kampala. Mafundi wenzangu mnaujua ule ugonjwa wetu: ukimaliza na sindano ya mkono unaichomeka kwenye shati, hapa kifuani, unaendelea na mengine.

Mama akaja kutoka Busia kunitembelea.

Mama yangu si mtu wa kukumbatia watu. Ni mkono na "hujambo", basi. Siku hiyo kaona duka, kaona jina langu juu ya mlango, akanivuta akanibana hasa.

Nilihisi kitu kimenichoma. Nikapuuza, furaha yote ile!

Baadaye sindano siioni. Mama hupenda kutembea pekupeku, nikachukua sumaku nikaipitisha sakafu nzima. Wapi!

Kesho yake kifua kikaanza. Nikivuta pumzi, kinachoma. Nimekaa tu, moyo unaenda mbio. Jirani akasema vidonda vya tumbo. Mama akasema kuna mtu ana kijicho na duka, akawa ananikanda kifua kwa mafuta kila jioni.

Nikazidi kuwa hoi.

Hospitali, mpiga eksirei akatazama picha, akanijia juu.

"Ssebo, bwana wewe, nimesema toa vitu yote. Mbona umeacha sindano kwa shati?"

"Shati iko kwa kiti."

Akaangalia kiti. Akaniangalia mimi. Akaenda kumwita daktari.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Kidonda hakuna, damu hakuna, inaingiaje?

Daktari akasema ncha imeingia kwenye ukuta wa moyo, na damu imeanza kujaa kuuzunguka. Kukandwa kumeisukuma ndani zaidi.

"Nani alikuwa anakukanda?"

Mama alikuwa nje ya mlango. Nikasema nilijikanda mwenyewe.

Nilipasuliwa, ikatolewa, niko hai. Mafundi, wekeni kimto cha sindano mezani. Na kifua kikiuma, kapigwe picha kabla hujakandwa.

Ila mpaka leo sijui nifanye nini. Mama anaamini nilitolewa uvimbe. Juzi kaja tena, kasimama mlangoni, mikono kaifungua mwenyewe.

Nikavua shati kwanza, mbele ya wateja, ndipo nikamwendea. Alicheka huyo, eti nimerudia utoto.

Nimwambie, au nimwache na furaha yake? Semeni wakuu, nasoma yote.